Dera la Fundi wa Suti

Ukitaka suti ya harusi mjini Voi, suti inayokukaa mabegani bila kukunyanyasa, utaambiwa umtafute Fundi Festus Mwandawiro kule Kaloleni. Utaelekezwa hivi: pita duka la vitambaa la Mwinyihaji, tazama baraza inayofuata, ukiona mwanamume wa makamo mwenye masharubu ameketi kwenye cherehani, amevaa dera la manjano lenye maua makubwa ya zambarau, hapo umefika. Usigeuke ukadhani umepotea.

Wengi waligeuka. Festus aliwaona wakisimama, wakisoma kibao chake, SUTI ZA HESHIMA, wakimtazama yeye, kisha wakirudi kukisoma kibao upya. Hakuwalaumu. Angekuwa yeye ndiye mteja, angetimua mbio mpaka stesheni.

Wale majasiri waliobaki walikuwa na swali moja. "Fundi, mbona wewe mwenyewe huvai suti?"

"Kinyozi hajinyoi," Festus alijibu, pini zimebanwa midomoni, akaendelea kumpima mtu kiuno.

Lilikuwa jibu la mtu asiye na jibu, na hilo alilijua kuliko mteja. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wanaume wa Voi kwamba jua si kitu mbele ya koti la vifungo vitatu. Na kila alipomaliza kumshawishi mmoja, kaupepo kalipita chini ya dera kakamkumbusha kwamba yeye ni mnafiki.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Wusi, huko juu milimani, ambako ukungu huingia nyumbani asubuhi bila kupiga hodi, na mwanamume hupalilia maharagwe yake akiwa ndani ya koti. Baba yake alikuwa na makoti mawili, la shamba na la kanisa, na hakuna mtoto wake aliyewahi kumwona bila moja kati ya hayo. Festus alishuka Voi ujanani akiwa na cherehani na imani hiyo hiyo: mwanamume ni koti, chini ya koti pana suruali, na suruali ina mshipi. Voi ikamjibu kwa jasho. Hakusikia. Miaka zaidi ya thelathini aliketi kwenye baraza ile na suruali ya sufu, akavuna vipele mahali ambapo mtu mzima hawezi kujikuna mbele za watu.

Kisha ngiri ikamshika. Januari alipelekwa hospitali, akapasuliwa chini ya kitovu, akarudi nyumbani ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Masharti aliyopewa yalikuwa mawili: asivae kitu cha kumbana, na asibebe kitu kizito. Mkewe Alice, ambaye huuza viazi na mboga za kutoka Wusi na hana muda wa maneno mengi, alifungua sanduku akatoa dera lake la manjano.

"Vaa hili mpaka kidonda kikauke."

"Hilo ni gauni, Alice."

"Basi kaa uchi."

Akalivaa. Akatoka uani kwa aibu, akitembea amejibanza ukutani. Na hapo upepo wa Voi, upepo ule ule aliokuwa akiulaani kwa vumbi lake, ukaingia kwa chini, ukapanda taratibu, ukamsalimu mahali ambapo tangu abatizwe hapakuwahi kusalimiwa na mtu. Festus alisimama katikati ya uwanja akafumba macho. Alice alidhani ni maumivu, akamletea kiti.

Kidonda kilikauka. Kabla ya Pasaka alirudi hospitali kuangaliwa, na siku hiyo alijikaza akavaa suruali, akaketi kwenye benchi la wagonjwa akihisi kila mshono aliowahi kushona. Daktari, kijana mmoja mchangamfu, alimbonyeza tumbo, akamwambia akohoe. Akakohoa.

"Mzee, umepona kabisa. Vaa unachotaka, beba unachotaka."

Hii ni habari ambayo mtu mwingine angeimbia zaburi. Festus aliibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyefiwa. Akamkuta Alice mlangoni, ametoka bombani, mtungi wa maji mkononi.

"Daktari amesemaje?"

"Amesema twende polepole," akasema Festus.

Alice akatikisa kichwa kwa huruma, akapita ndani na mtungi wake. Huo ndio uongo wote. Ulikuwa mdogo, na Festus alijiambia kwamba utadumu wiki moja hivi, mpaka joto lipungue. Sasa mtu aliyeishi Voi miaka thelathini akisubiri joto lipungue, huyo anajidanganya kabla hajamdanganya mkewe.

Wiki zikawa miezi. Alice aliendelea kuchota maji, na maji ya Kaloleni yanajulikana tabia yake. Hutoka yanapotaka, na yakitoka ni mbio na foleni. Aliendelea kuinua gunia la viazi, kusogeza kabati, kushusha mtungi wa gesi. Festus aliketi barazani akimtazama, dhamiri ikimchoma. Ila dhamiri yenyewe nayo ilikuwa imevaa dera. Ilipigwa na hewa kidogo, ikatulia.

Kanisani hali ilikuwa mbaya zaidi. Walimweka kwenye maombi ya wagonjwa. Kila Jumapili mchungaji aliomba Bwana amguse mtumishi wake Festus, amwinue haraka, amrudishie nguvu za kuvaa suruali, na Festus, aliyekuwa amekula asubuhi chapati na maharagwe ya kuwatosha waashi, alijikuta akisita kuitikia Amina. Aliogopa ombi lisije likajibiwa.

Si kwamba hakutafuta njia ya heshima. Mwinyihaji, jirani na rafiki yake, alimwonea huruma.

"Hebu nambie, mwenzangu," Mwinyihaji alisema akiegemea nguzo ya baraza. "Shida yako ni hewa, sivyo? Kanzu ipo. Nguo ya kiume, ina heshima zake, na hewa yapita vizuri tu. Hilo dera muachie Alice, na mke wangu Mwanamvita na wenziwe."

Akampa kanzu nyeupe, safi. Festus, kwa akili zake, akaichagua Ijumaa kuivaa. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameamkuliwa salamu aleikum na nusu ya mtaa, na mzee mmoja mpole alimshika mkono akaanza kumwongoza taratibu upande wa msikitini. Ilipofika jioni habari zilikuwa zimepanda mlima. Simu ikalia. Alikuwa kaka yake Thadeus, mzee wa kanisa huko Wusi.

"Festus, umesilimu?"

"Hapana kaka. Nimeazima."

"Basi rudisha."

Akarudisha, na kusema kweli hata yeye hakuona vyema kuvaa imani ya watu kwa sababu ya vipele. Akajaribu kikoi. Mtu aliyeshona nguo maisha yake yote aligundua kwamba kitambaa kisichoshonwa hakimtii. Kila alipoinuka kumpima mteja kifua, mkono mmoja ulishika futi na wa pili ukashika kikoi, na mteja wa tatu alisema atarudi kesho. Dera likarudi. Thadeus akashuka mwenyewe kutoka Wusi, koti juu ya sweta, akaketi barazani akitokwa jasho kama ukuni mbichi jikoni.

"Sisi ni Wadawida," alisema. "Mghosi mzima, mzee mwenye heshima zake, hawezi kuonekana na gauni. Baba angekuwa hai angesemaje?"

"Angesema nina ngiri," Festus akajibu, akajichukia.

Dinah, binti yao wa pekee, alikuwa mwalimu wa chekechea Mwatate na alirudi nyumbani kila Jumamosi. Yeye ndiye ambaye hakuwahi kumtania baba yake kuhusu dera. Kila aliposhuka kwenye gari, akafika kwenye kona ya duka la Mwinyihaji, akamwona baba yake pale barazani, uso wake ulibadilika, akatazama chini. Festus aliuona uso huo kila Jumamosi. Maneno ya Thadeus yalimpita, ya wateja aliyacheka, lakini uso ule ulimuuma.

Jumamosi moja ya Septemba Dinah alivuta kigoda akaketi karibu na cherehani.

"Baba, Kitheka na watu wa kwao wanakuja Oktoba. Kunitolea posa."

"Nimeambiwa na mamako. Nimefurahi sana."

"Nakuomba kitu kimoja tu. Siku hiyo uvae suruali."

Festus akasimamisha cherehani. "Unanionea haya?"

Dinah aliinama. Alichukua kipande cha kitambaa sakafuni akakikunja, akakikunjua. "Wewe vaa tu suruali, Baba. Siku hiyo moja."

Iliuma, kwa sababu lilikuwa ombi la haki. Usiku ule Festus alijipa mawaidha makali. Mtoto mmoja umezaa, Festus. Umemsomesha kwa suruali za watu. Utashindwa kuvaa moja yako?

Akanunua kitambaa cha kijivu kwa Mwinyihaji, kizuri, kisicho na makunyanzi. Akashona kwa mapenzi, mifuko miwili nyuma, mshono wa ndani umefunikwa, pasi kama wembe. Wateja wake wote walilazimika kurudi kujaribu suti kabla haijamalizwa. Hilo lilikuwa sharti lake na aliwahi kumfukuza bwana harusi aliyelikataa. Yeye hakujaribu. Vipimo vyake si alivijua? Vilikuwa kichwani mwake tangu Krismasi ya mwaka uliopita. Tena, tuseme ukweli, hakutaka kulivua dera hata dakika moja kabla ya wakati wake. Aliitundika suruali ukutani, akaitazama jinsi mtu anavyoitazama tarehe ya kuitwa mahakamani.

Siku ikafika. Wageni walitoka Kibwezi alfajiri wakaingia Kaloleni mapema kuliko walivyotarajiwa: Kitheka mwenyewe, kijana mtaratibu, mjomba wake, mzee Ndeti, aliyekuwa msemaji wao, na shangazi yake, Mama Ngina, mwanamke wa miaka mingi, macho yamefifia kidogo lakini ulimi haujafifia. Thadeus aliwapokea sebuleni kwa niaba ya ukoo, koti limefungwa vifungo vyote. Festus alikuwa chumbani na suruali.

Ilipanda vizuri mpaka mapajani. Hapo ikapumzika. Akaivuta. Ikafika kiunoni upande wa nyuma, na mbele zikabaki kingo mbili zinazotazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Akavuta pumzi ndani, akalala chali kitandani, akasali. Zipu haikusogea.

Ndipo alipokumbuka jambo ambalo kila fundi analijua. Suruali humwambia mtu ukweli kila asubuhi. Dera halisemi. Tangu Januari alikuwa amekula, amekaa, hajabeba kitu, na dera lilipokea kila kilichoongezeka bila kunung'unika. Akatoa suruali za zamani kabatini, akijua fika kwamba zilikatwa kwa vipimo vile vile. Nazo zikamtazama tu.

Alice akaingia. "Wageni wamekaa. Nini hiyo?"

"Imekataa."

Alice akaitazama suruali, akalitazama tumbo, akatazama dari. Kulia hakukuwa na wakati. Akainama kwenye sanduku, akatoa dera lake la Krismasi, la buluu iliyokolea, lenye nakshi shingoni.

"Hili angalau lina heshima," akasema. "Toka. Mimi nitaongea."

Festus akatoka. Mama Ngina akainuka kwa adabu, akanyoosha mkono.

"Na huyu ni shangazi ya msichana?" akauliza, kisha masharubu yakafika karibu na macho yake, akaketi.

Thadeus alifumba macho kama mtu anayesali. Dinah alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Aliliona dera, na uso ule wa Jumamosi ukarudi, safari hii mbaya kuliko siku zote. Festus akajua amemwangusha.

"Mtuwie radhi," Alice akasema haraka. "Mzee alifanyiwa upasuaji. Daktari amemkataza kuvaa kitu cha kubana."

Ikawa ahueni iliyoje! Watu wote walipumua. Pole zikamiminika. Mzee Ndeti alimpa mkono kwa mikono miwili, Kitheka akamsogezea mto mgongoni. Festus akaketi taratibu, akaugulia kidogo kwa ajili ya kuikamilisha picha. Uongo wake mzee ulikuwa umemwokoa tena, na alikuwa tayari kuunywea chai.

"Na ni lini, hiyo operesheni?" akauliza Mama Ngina.

"Januari," akasema Alice.

"Januari?" Mama Ngina akaweka kikombe chini. "Na saa hii ni Oktoba. Hiyo ni ugonjwa gani haiponi?"

Thadeus, mtu mwema asiyejua kunyamaza panapofaa, akaona asaidie. "Ni mambo ya tumbo, mama. Hata marehemu baba yetu alikufa na tumbo."

"Ala! Kumbe iko kwa ukoo."

Wageni wakaanza kuongea Kikamba kwa sauti ya chini. Festus hakijui sana, lakini alikuwa ameshonea Wakamba wa kutosha kutambua neno la hofu linapopita. Mzee Ndeti akakohoa, akazungumza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Mzee Mwandawiro, sisi tumependa nyumba hii, na msichana tumempenda. Lakini kwetu, kabla mbuzi hajatajwa, watu huangalia maradhi ya ukoo. Si kwa ubaya. Naona leo tunywe chai tu. Tutarudi baada ya Krismasi, tuone hali yako. Na msichana pia aende akapimwe, tuwe na amani."

Dinah akaiweka sinia chini. Kitheka alisema, "Mjomba, jamani," akanyamazishwa kwa jicho. Mama Ngina alikuwa tayari anatafuta mkoba wake chini ya kiti.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mficha afya hawakusema kitu, pengine kwa sababu hawakuwahi kukutana na mjinga wa namna hiyo. Festus alimtazama binti yake. Kisha akainuka, haraka, kwa miguu yake yote miwili, bila kuugulia.

"Mimi si mgonjwa," akasema.

"Festus, kaa," akasema Alice.

"Nilipona kabla ya Pasaka. Daktari alinibonyeza akaniambia nimepona kabisa." Hakuthubutu kutazama upande wa Alice. "Na baba yetu, kaka Thadeus, alikufa akiwa na umri wa kuwazika wenzake wote, na tumbo lilimuuma kwa sababu alikula ndizi za watu harusini. Ukoo wetu hauna kitu."

"Sasa gauni ni ya nini?" Mama Ngina akauliza.

Festus alikuwa na majibu mengi kwa swali hilo. Joto. Cherehani. Kinyozi hajinyoi. Aliyapitia yote na akayaona yamechakaa. Akahisi masikio yanawaka.

"Nasikia raha, mama," akasema.

"Unasikia nini?"

"Raha. Upepo unapita. Niliambiwa nimepona, nikaona nikisema nitarudishwa kwa suruali, nikanyamaza. Leo nimejishonea moja, mimi fundi wa Voi nzima, sikujipima, imekataa kufunga. Kama hamniamini, iko kitandani."

Thadeus alishika kichwa. Mama Ngina alimkazia yale macho yake yaliyofifia, akampima kutoka nywele mpaka viatu.

"Maneno iko rahisi," akasema. Akaelekeza kidole kwenye mlango, palipokuwa na mtungi wa lita ishirini ambao Alice alikuwa ameuleta asubuhi, umejaa hadi shingoni. "Mtu amepona huwa anabeba. Beba ile."

Katika sebule hiyo kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Festus hakutaka amwone akibeba mtungi ule, na mtu huyo alikuwa amesimama karibu nao, mikono kiunoni. Alitembea mpaka pale. Akakunja dera la Krismasi kidogo, akaushika mtungi kwa mkono mmoja, akauinua mpaka begani. Ulipanda vyepesi, Mungu amsamehe. Hata yeye aliona aibu jinsi ulivyopanda vyepesi.

Mama Ngina alianza kucheka kutoka mahali mbali, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Huyu hana ugonjwa! Huyu ni mvivu tu!" Mzee Ndeti akacheka, Kitheka akacheka kwa shukrani, na hata Thadeus alifungua kifungo kimoja cha koti, kisha cha pili. Mkoba ukarudi chini ya kiti. Mbuzi wakatajwa.

Alice hakucheka.

Festus alimkuta Dinah nyuma ya nyumba, karibu na jiko, ameinama juu ya kitambaa cha vyombo. Alikuwa analia.

"Nimekuaibisha, mwanangu," akasema. "Mbele ya watu wako. Najua unavyonionea haya, nakuona kila Jumamosi."

Dinah akainua uso. "Haya? Baba, mimi nilidhani unakufa!"

Festus akasogea hatua moja.

"Miezi yote hii. Kila nikifika kwa ile kona naangalia kama umevaa suruali. Nikiona dera najua bado. Nasema wananificha, ni kansa, hawataki kuniambia. Nilikuomba uvae suruali nikuone mzima hata siku moja. Siku yangu moja!" Akampiga begani kwa kitambaa cha vyombo. "Na wewe unasikia upepo!"

Festus alikuwa mtu mwenye mzaha kwa kila tukio. Akautafuta wa kusema hapo, akakosa. Miezi yote hiyo alijiona mjanja na kichekesho, mtu mzima anayejificha ndani ya gauni. Hakuwahi kufikiria kwamba mtu angeliona dera lile la maua akaona wodi. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya nguo.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe sana, Dinah."

Dinah alifuta pua, akamtazama, dera la mamake limembana mabegani, na kicheko kikamtoka katikati ya machozi. "Harusini utavaa suruali. Na upimwe na fundi mwingine."

"Kinyozi hajinyoi," Festus alikubali.

"Na akijinyoa hujikata," Mwinyihaji akamalizia kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa amesikia yote, kama ilivyo desturi ya nyua za Kaloleni.

Wageni waliondoka alasiri wakiwa wameshiba. Alice aliosha vyombo, akafagia, akalala. Festus alijaribu kuanzisha habari tatu tofauti na zote zikafia hewani. Asubuhi alipotoka barazani aliikuta mitungi yote ya nyumba imepangwa mbele ya cherehani, mitupu, na dera la manjano limefuliwa, limekunjwa, limewekwa juu ya kiti chake.

"Vaa dera lako," Alice akasema kutoka ndani. "Vaa mpaka uzeekee humo. Mimi sina shida na dera, sikuwahi kuwa nayo. Maji yametoka bombani."

Akalivaa. Akachomeka pindo kiunoni, akachukua mitungi miwili, akaenda kujiunga na foleni. Wanawake wa Kaloleni hawakumhurumia hata kidogo. Walimwita Mama Dinah, wakamuuliza kama kidonda hakitafunguka, Mwanamvita akamfundisha kwa sauti kubwa jinsi ya kupanda ngazi ya bomba bila kukanyaga pindo. Festus akacheka nao, kwa kuwa hakuwa na haki ya kufanya lingine. Kisha akainua.

Mtungi ule wa jana ulikuwa wa kuonyeshea wageni, hatua chache sebuleni. Hii miwili ilikuwa ya kutoka bombani mpaka nyumbani, na katikati kuna kipande cha mlima ambacho alikuwa hajakiona tangu Januari. Alipofika dukani kwa Mwinyihaji vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alipofika barazani kwake alikuwa akihema, dera limemgandia mgongoni, wala upepo hakuusikia. Akafikiria miezi ile yote, asubuhi na jioni, na yeye ameketi hapo akitunga uzi kwenye sindano.

Alice alikuwa amesimama mlangoni, mahali pale pale aliposimama siku ile kabla ya Pasaka. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu.

"Daktari amesemaje?" akauliza.

"Amesema nibebe," Festus akajibu, akapita ndani na maji.